Msomaji wa Pili wa Kadi za Buba

Jumapili iliyopita, hapa Bihambwe, msichana mmoja wa kwaya ya wageni alinyoosha mguu wake katikati ya sebule yetu, mbele ya watu wote na mbele ya sahani ya maharagi, akapandisha kitenge mpaka gotini na kusema kwa sauti ya mtu anayeuza samaki: "Mutazame huu muguu. Kama si huyu dada anayenyamaza pale ku kona, leo mungeniona na moja." Wageni wote wakanigeukia. Mimi nikaangalia sakafu, kama kawaida yangu. Kwenye muundi wake, chini kidogo ya goti, kulikuwa na kovu pana, linang'aa kama upande wa chini wa jani la ndizi. Nililitambua kovu kabla ya kumtambua yeye, maana Aline nilimwacha Pinga akiwa mdogo, na aliyesimama pale alikuwa amenipita urefu. Nina miaka kumi na tisa. Mtu wa umri wangu akisema "zamani", wakubwa hucheka. Lakini mwaka wa Pinga naona umekaa mbali, na tangu Jumapili nimekuwa nikiurudia nikipika, nikifua, hata nikisali.

Namna nilivyofika Pinga kwa Tanti Mapendo, na kwa nini nilikaa huko mwaka mzima, si hadithi ya leo. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa sisemi. Sauti ilikuwapo, ila ilikuwa inachelewa: nilipopata neno la kusema, watu walikuwa wamekwisha kuhamia neno lingine. Nyumba ya Tanti ilikuwa na sebule yenye viti vilivyovikwa vitambaa vya kufuma, chumba cha nyuma ambamo mahindi yalining'inia juu ya kitanda chetu, na jikoni ya nje ambayo moshi wake ulitufuata mpaka kanisani. Tanti alipika sombe, majani ya muhogo, ya mawese ambayo wapita njia waliisalimia kabla ya kumsalimia yeye. Kwa hiyo timu ya waganga ilipofika kutoka Goma na pikipiki, wamejaa tope mpaka masikioni, wakiwa wamefunga sanduku la baridi nyuma ya moto, ndivyo tunavyoita pikipiki, kama mtu anayepeleka mgonjwa, chifu hakuuliza watalala wapi. Alisema tu, "Kwa Mapendo." Wakapewa sebule.

Walikuwa wawili. Dokta Selestini alikuwa mrefu, mpole, na alikula maharagi moja moja kana kwamba kila moja lina jina. Dada Furaha alikuwa mtu wa labo, yaani maabara, na yeye aliongea hata akitafuna. Alileta jibini ya Masisi kama zawadi. Tanti akainusa, akasema, "Haya maziwa yalilala, hayakuamuka." Furaha alicheka mpaka akashika ukuta. Usiku wa kwanza tu nyumba ilikuwa imebadilika, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa chumba nikisikiliza, maana hiyo njo ilikuwa kazi yangu duniani: kusikiliza nyuma ya milango.

Walikuja kwa ajili ya buba. Buba ni ugonjwa wa ngozi unaowapenda watoto wa mbali na barabara. Unaanza kama tunda dogo jekundu mguuni, linapasuka, linakuwa kidonda, na kidonda kinakaa. Ukiuacha unaingia mpaka kwenye mifupa. Dawa yake ni rahisi kuliko ya malaria, unameza vidonge siku moja, basi. Ugumu ni kujua kama ni yenyewe, kwa sababu vidonda vya miguu vinafanana kama watoto wa tumbo moja. Mpaka mwaka ule, mtu akitaka kujua kwa hakika, ilibidi usaha wa kidonda usafiri na moto hadi labo ya Goma, na jibu liliporudi mtoto alikuwa amekwisha kuhamia mashamba mengine. Timu ilileta kadi ndogo za plastiki, urefu wa kidole: tone la damu, matone ya maji yake, unangoja, unasoma mistari. Mstari mmoja unatokea kwa kila mtu, kuonyesha tu kwamba kadi inafanya kazi. Mingine miwili ikitokea chini yake, ni buba. Lakini je, kadi zilisema kweli? Ndiyo walichokuja kupima. Kila mwenye kidonda angetoa damu ya kadi, na usaha kidogo kwenye kijiti cha pamba kwa ajili ya Goma, ili majibu mawili yalinganishwe. Kadi zikionekana za kuaminika, zingebaki kwenye kituo cha afya cha Pinga.

Kila kadi ilitakiwa isomwe na watu wawili, mmoja mmoja, bila mmoja kujua mwenzake ameona nini. Msomaji wao wa pili alikuwa amebaki Walikale na homa. Nilisikia Dokta akilalamika mezani: "Natafuta muntu mwenye macho mazuri na asiye na mudomo. Humu mu Pinga nitamutoa wapi? Hapa hata mbuzi zinapashana habari."

"Kama ni kunyamaza," Tanti akasema, "niko naye mu nyumba. Siku nyoka iliingia ku jikoni, alikuja kusimama mbele yangu, akaonesha na kidole."

Nikaitwa. Furaha akanipa kadi za mazoezi, nyingine zikiwa na mstari hafifu kama ukucha uliopita juu ya sabuni, nami nikaiona yote. Kisha akanieleza kichekesho cha paroko na mbuzi wa sadaka, ili aone kama uso wangu utasema kitu. Uso haukusema. (Nilicheka baadaye, chooni, mpaka machozi.) "Huyu njo wetu," Furaha akasema. "Uso kama ukuta wa parokia."

Tulifanyia kazi katika chumba cha katekisimu. Kilinuka mishumaa na pombe ya kusafishia vidole, na kati ya meza ya damu na meza ya kadi kulikuwa na pazia la vitenge viwili vya Tanti. Furaha alisoma, akaweka alama kwenye karatasi yake, akatoka kwa mlango wa bustani. Ndipo mimi nikaingia kwa mlango wa kanisa, nikasoma, nikaweka alama yangu. Watu wa Pinga waliona ni jambo la aibu. "Munafichana nini?" mama mmoja alimwuliza Dokta. "Sisi hapa mutu akiona kitu, anaita mwenzake, banaangalia pamoja, banakubaliana. Ninyi munaangalia sawa bezi!" Naandika kama alivyosema (bezi ni wezi), na hakuwa mkali, alikuwa anatuhurumia. Mimi nilikuwa na furaha ambayo nilishindwa kumweleza mtu. Maisha yangu yote kimya changu kilikuwa kasoro ya kuombewa. Mle ndani kilikuwa kazi, na kazi hiyo ilikuwa na kiti chake.

Tatizo lilianza na Bauma, mtoto wa Tanti, ambaye alikuwa na kidonda kwenye kifundo cha mguu na mdomo wa wakili. Kadi yake ilikuwa ya kwanza kutoa mistari yote mitatu. Furaha alipomwonyesha, Bauma akaruka nje akipiga kelele, "Mitatu! Yote mitatu! Nimepita!" Lazima ujue kwamba majuma yale majibu ya Exetat yalikuwa yametoka tu, na kwetu mwanafunzi akipita huo mtihani wa Leta, yaani wa serikali, hamwagiwi maji, anamwagiwa poda, kichwani, shingoni, mpaka ndani ya shati, kisha anatembea barabara nzima akiwa mweupe ili hata asiyemjua ajue. Watoto waliokuwa uwanjani hawakuuliza Bauma amepita nini. Wakakimbia kuleta kopo la poda la mtoto mchanga wa jirani. Nilipochungulia dirishani, binamu yangu alikuwa mweupe kama mzimu na anabebwa juu, kidonda na yote, wakiimba.

Kufikia mchana uwanja ulikuwa unanuka poda kuliko hospitali ya uzazi. Kila mwenye mistari mitatu alipita, akameza vidonge vyake, akapakwa. Mwenye mstari mmoja aliimbiwa kama wa kurudia darasa: "Umeanguka! Utadubla!" Dokta Selestini alicheka siku ile mpaka akavua miwani. Kesho yake alicheka kidogo. Kesho kutwa mama mmoja alimletea mtoto aliyepata mstari mmoja, akamwomba kwa heshima zote, "Papa Dokta, umupatie ya pili session. Uongeze tone, labda atapita." Wengine walijipaka mawese na unga wa tofali kwenye miguu mizima, ionekane ina vidonda. Na wale wenye vidonda vya kweli ambao waliogopa kuanguka walianza kukaa nyumbani.

Aline ndiye aliyeumia zaidi. Alikuwa na kidonda kwenye muundi, kipana, ambacho alikibeba bila kulia. Kadi yake nilisoma mimi baada ya Furaha: mstari mmoja. Furaha aliporudi na kugeuka kuchukua kijiti cha pamba, Bauma, mweupe bado, alikuwa amekwisha kuona kadi kupitia dirishani. "Aline ameanguka!" akapaza sauti. "Aline anadubla na kidonda kyake!" Uwanja mzima ukaitikia. Aline akasimama, akapita katikati yao akichechemea, pamba haijamgusa, na hakurudi.

Jioni ile bugali ilikuwa ya moto, samaki wa moshi alikuwamo, na hakuna aliyesifu. Nilisikia kila neno. "Kile kidonda si cha kuacha," Dokta alisema. "Ngozi imelegea pembeni, na mutoto hasikii maumivu. Hiyo haiko alama nzuri. Kuna kitu kinamukula chini kwa chini. Bila ile pamba kufika Goma, sijue nimupe dawa gani. Mvua ikikata barabara akiwa bado amejificha, tutakuja kumukuta wa kukatwa muguu."

"Nimeenda mara mbili," Furaha akasema. "Nimesema maneno yote niliyo nayo."

"Na yako si kidogo," Tanti akasema.

"Amepanda ku muti wa avoka, ananiangalia tu kutoka juu."

Dokta akasukuma sahani. "Na wamegeuza yote. Wanafikiri kadi inawapima wao. Kumbe ni kadi njo iko mu egzamen. Namuhitaji Aline kuliko wale wote weupe. Kadi inayosema ndiyo kwa kila muntu ni sawa na mwalimu anayepitisha darasa zima. Utamwamini?"

Nililala na maneno hayo. Asubuhi, kabla ya saa ya kadi, nikaenda nyumbani kwa Aline. Sikuwa na mpango. Nitasema ukweli, niliogopa hata kubisha hodi, kwa hiyo nikaingia moja kwa moja jikoni, ambamo Mama Aline alikuwa anatwanga sombe na Aline anachambua maharagi, mguu umefungwa kitambaa. Nikaketi kwenye kigoda cha pili, nikavuta ungo, nikaanza kuchambua na mimi. Hakuna aliyenifukuza. Ule ulikuwa utaalamu wangu, kukaa. Nikaenda na siku iliyofuata, na nyingine. Nilimsikia Mama Aline akimwuliza binti yake, mimi nikiwa palepale, "Huyu wa kwa Mapendo anakuyaka kufanya nini?"

"Sijue, Mama. Anakaa tu."

"Basi akae. Anachambua muzuri."

Kwenye ungo wa tatu au wa nne, Aline akasema bila kuniangalia, "Wewe ulipita?"

Ilinichukua muda, lakini hapakuwa na mtu mwingine wa kuhamia neno lingine. "Dada Furaha alinipima siku ya mazoezi," nikasema. "Mstari moja."

Akainua macho. "Uliangukaka?"

"Hapana. Na wewe haukuanguka." Sauti yangu ilikuwa imekwisha kutoka, ningeirudisha wapi? "Aline, hatukupimwa sisi. Ni ile kadi njo iko mu egzamen. Imetoka mbali, inajidai inajua buba. Sasa inakuja kwetu, tunaiuliza maswali. Kila kidonda ni swali. Swali lako njo gumu. Kadi imejibu 'hapana, hii si buba.' Labda imejibu vizuri, labda imekosea. Mwenye kujua ni Goma, na Goma inangoja pamba yako ili isahihishe."

Aline aliacha kuchambua. Mama yake aliacha kutwanga. "Kwa hiyo mimi njo mwalimu?" akauliza.

"Wewe njo mwalimu."

"Na Bauma?"

"Bauma ni swali la kwanza. Rahisi. Hata kadi ya kijinga ingelijibu."

Sijawahi kumfurahisha mtu namna ile. Alicheka mpaka maharagi yakamwagika, akasimama, akavaa sketi ya shule ingawa ilikuwa Jumamosi, akachukua kijiti kirefu kama cha mwalimu wao wa hesabu. Tulipita barabarani sisi wawili, yeye akichechemea mbele, mimi nyuma. Alipofika uwanjani, Bauma akafungua mdomo. Aline akamnyooshea kijiti. "Wewe unyamaze, swali rahisi." Kisha akaingia chumba cha katekisimu, akafunga mikono kifuani, akamwambia Dokta Selestini, "Iko wapi ile kadi yenu? Nimekuja kuisahihisha."

Dokta, Mungu ambariki, hakutabasamu hata kidogo. Akasimama kama mwanafunzi. "Karibu, Mwalimu," akasema, akavuta kiti. Aline akatoa kidole na mguu wake bila kupepesa, kadi mpya ikatoa mstari mmoja tena, na pamba ikaingia kwenye sanduku la baridi. Neno likaenea Pinga kwa namna yake. Jumatatu walikuja watoto wenye vijiti, wenye vitabu kwapani, mmoja na miwani ya babu yake, kila mmoja anakunja uso wa mwalimu mkali. Waliokuwa wamejificha wakatoka. Wenye mstari mmoja wakajivuna kuliko wenye mitatu, maana maswali magumu hayapewi mtu yeyote. Mama wa session ya pili alirudi na mtoto wake akasema, "Dokta, leo tumekuja kuichapa." Nikawa nasoma kadi hizo nikiwa na uso wa ukuta na kifua kinachocheza.

Dereva wa moto alirudi kutoka Goma siku mvua zilipoanza kutisha kweli, na majibu ya labo yakiwa ndani ya koti lake la plastiki. Dokta na Furaha walijifungia sebuleni. Pinga yote ikakaa kwenye uzio wa Tanti. Dokta akatoka, akapanda kwenye jiwe la kufulia. "Kadi imekosea hapa na pale," akasema. "Pale mustari ulipokuwa hafifu, hata wasomaji wangu wawili hawakukubaliana. Siwezi kuipa distinction." Watoto wakazomea. "Lakini mahali pengi imejibu sawasawa. Imepita na satisfaction. Sanduku la kadi linabaki Pinga." Kabla hajashuka, makopo ya poda yalikuwa yameonekana, na safari hii walimwagia sanduku, na Furaha akawa analia, "Si juu ya karton! Inaingia unyevu! Batoto, jamani!" huku mwenyewe amekwisha kuwa mweupe kama wengine.

Kisha Dokta akamtafuta Aline kwa macho, akaja kuchuchumaa mbele yake na mbele ya mama yake. Sauti yake sasa ilikuwa ya chini. Kadi ilisema kweli. Haikuwa buba. Kilikuwa kijidudu kingine, cha polepole, chenye jina la Kifaransa ambalo hata Tanti hakujaribu kulitamka. Dawa yake ipo, lakini si ya siku moja: vidonge kila asubuhi, majuma kwa majuma, na kufungwa upya bila kuruka. "Tumewahi," akasema. "Karibu tuchelewe, lakini tumewahi." Mama Aline akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha binti yake, na akakiacha pale.

Timu iliondoka kabla ya barabara kukatika. Mimi nikabaki na kazi ambayo hakuna aliyenituma: kila asubuhi nilimpitia Aline tukaenda kituo cha afya, akameza vidonge mbele ya muganga, akafunguliwa, akafungwa. Njiani yeye aliongea na mimi nikasikiliza. Siku nyingine niliongea na mimi. Kidonda kilijifunga kutoka pembeni kwenda katikati, kidogo kidogo, kama mdomo wa mfuko unaovutwa kamba. Kuna majuma hakikusogea, na Aline alitembea bila neno, na nikagundua kwamba kimya cha mtu mwingine kinatisha kuliko changu. Kisha kikasogea tena.

Siku walipomwondolea bandeji ya mwisho ilikuwa siku ya soko. Tulipita chini ya duka la chumvi, ambapo wasichana walikuwa wanaruka kamba ya maganda ya mgomba, wawili wanazungusha, wengine wanaingia na kutoka. Aline akasimama. Akautazama mguu wake, kovu likiwa bado jekundu na laini. Nikataka kumwambia angoje, lakini kwa mara nyingine sauti yangu ilichelewa, na alikuwa amekwisha kuingia. Akaruka. Akaruka na mguu ule mmoja tu, kwa makusudi, na soko zima la wanawake wenye vikapu likamhesabia kwa sauti, mama yake akiwamo, ameshika moyo. Kisha akanyoosha mkono kutoka katikati ya kamba. "Dada Riziki! Ingia!"

Watu wakanigeukia. Wote. Nikaangalia ardhi, na ardhini kamba ilikuwa inapita na kurudi, inapita na kurudi. Nikaweka kikapu chini, nikaingia. Kamba ikaninasa mguuni papo hapo. Wasichana wakapiga kelele kwamba nimetoka, zamu yangu imekwisha, mwingine aje.

"Bado," nikasema, na watu wa mpaka kwenye duka la chumvi wakanisikia. "Muzungushe tena."